Kumnyonyoa Tausi

Siku Pak Tatang alipoipokea kazi ya tausi, hakumuuliza mtu. Ndivyo alivyokuwa. Mbele ya mteja ulimi wake haukujua kutamka "hapana", na akishasema "ndiyo" huteremka ngazi, akanunua batagor, vile vitafunio vya samaki vya kukaanga, kwenye duka la chini ya ofisi, akapanda nazo zikiwa bado zinachuruzika mafuta, akaziweka katikati ya meza. Wafanyakazi wake walishamsoma. Wakiziona batagor kabla ya saa ya chakula, wanajua balaa limeshaingia mlangoni.

Nenden alizitazama batagor, kisha akamtazama bosi wake.

"Safari hii ni nini, Pak?"

"Ndege," akasema Pak Tatang huku akipangusa vidole. "Ndege mmoja tu, Neng. Wala si mkubwa."

Ndege huyo alikuwa tausi wa chuma, mrefu kuliko mtu mzima. Mwenyewe alikuwa Bu Haji Iroh, mjane mwenye bustani ya starehe kule Lembang, juu kwenye baridi, ambako watu wa Bandung hupanda kila mwisho wa juma kula mahindi ya kuchoma na kupigana picha. Majirani zake wote walikuwa na bembea. Bu Haji alitaka ya kuwafunga midomo, bembea ya kumrusha mtu juu ya bonde, tena isining'inie kwenye nguzo kama kamba ya kuanikia nguo. Ining'inie kwenye mdomo wa tausi. Chuma kisubiwe kwa umbo la ndege huyo, afungwe juu ya nguzo, ainamishe shingo, ang'ate pete, na minyororo ya bembea ipite kwenye pete ile. Ofisi ya Pak Tatang, ghorofa ya pili mtaani Ujungberung, ilitakiwa kujibu swali moja tu kabla chuma hakijatiwa motoni: je, tausi atastahimili?

Kujibu maswali ya namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Nenden, na aliimudu. Kompyuta haiwezi kukitazama chuma kizima ikakwambia kitahimili au kitakatika. Lazima kwanza ikivishe wavu, ikigawe vipande vidogo vidogo kama mtu anayekata tempe, ule mkate wa soya, halafu ikihoji kila kipande: wewe unavutwa kiasi gani, na jirani yako je? Macho ya wavu yakiwa madogo, jibu ni la kuaminika, lakini kompyuta inatokwa jasho. Yakiwa makubwa, kompyuta inamaliza upesi na inakudanganya bila haya. Ufundi wote uko hapo, kujua wapi pa kusuka macho madogo na wapi makubwa. Wapo wanaoiachia kompyuta ijisukie yenyewe inavyotaka. Nenden aliwaona watu hao kama alivyowaona wanaonunua sambal ya chupa badala ya kujisagia pilipili.

Aliyemuumba tausi alikuwa Abah Karta, msanii wa Jelekong, mzee mwenye nywele nyeupe ndefu alizozifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu hadi akatosheka. Alikuwa amemfinyanga kwa udongo unyoya kwa unyoya, na ndani ya kila unyoya vijinyoya, na ndani ya kila jicho la mkia duara juu ya duara. Kisha wakaja watu na mashine ya kupiga picha pande zote, ikamnakili ndege na kumtia ndani ya kompyuta. Mashine ile haikubagua. Ilinakili manyoya, ikanakili alama za dole gumba la Abah Karta, ikanakili hata nzi aliyekuwa ametua mgongoni akajisahau.

Nenden alimgundua nzi baada ya kusuka wavu wa kwanza. Akamwita Engkos, fundi wa kompyuta za ofisi, aje ashuhudie.

"Kang, hebu ona. Nzi huyu ana macho mengi kuliko miguu yote miwili ya tausi."

Engkos aliinama, akatazama sana. "Nzi siku zote ana macho mengi, Neng," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Engkos ndiye aliyeilea mashine kubwa ya ofisi, ile waliyoiita Munding, yaani nyati wa kulimia, kwa kuwa ilikuwa nyeusi, nzito, na ikifanya kazi hukoroma. Alimsihi Nenden asiikokoteshe mzigo ule. Wavu wa tausi ulikuwa na vipande kwa mamilioni, na vingi vyake vilikuwa vibaya, vyembamba na vilivyochongoka kama mifupa ya samaki, vipande ambavyo kompyuta ikivihoji haipati jibu la maana. Lakini Pak Tatang alikuwa amesimama nyuma yao mikono kiunoni, akasema nyati huzaliwa kubeba. Nenden akabonyeza.

Munding akakoroma. Feni zake zikaongeza mbio, taa zikafifia, karatasi zilizokuwa karibu zikaanza kupepea. Kisha pakasikika kishindo kidogo na giza likaingia jengo zima. Chini, mashine ya duka la batagor iliyokuwa inasaga karanga za mchuzi ilinyamaza katikati ya kazi. Mwenye duka akaja kusimama chini ya ngazi na mwiko mkononi. Aliyoyasema kuhusu wasomi na umeme wao yalisikika mpaka msikitini.

Umeme ulipofufuka, Pak Tatang akaja na shauri lake mwenyewe. Si tatizo ni macho kuwa mengi? Basi yasukwe makubwa, kila mahali, biashara iishe. Nenden akajua hapo haambiliki. Akafanya alivyoambiwa, na Munding akamaliza kabla bosi hajakaa vizuri kwenye kiti. Kwenye kioo tausi akatokea kijani kuanzia kishungi hadi makucha, na kijani ndiyo rangi ya salama.

Pak Tatang alishika simu tayari kumpigia Bu Haji. Nenden akamwomba kwanza atazame kichwa kwa karibu. Macho yalikuwa makubwa mno hata wavu haukuweza kushika vitu vidogo. Shingo ilikuwa imegeuka gogo la pembe nne, mdomo umeyeyuka, na pete ilikuwa inaelea peke yake kama pete ya moshi.

"Kwa hesabu hii, Pak, bembea inaning'inia hewani," akasema Nenden. "Tausi hana habari nayo. Ndiyo maana katulia hivyo."

Pak Tatang akairudisha simu mfukoni taratibu.

Ikabaki njia moja, ile ambayo Nenden aliijua tangu mwanzo na aliikwepa tangu mwanzo. Ndege anyonyolewe. Manyoya ya mkia, vijinyoya vya mbawa, magamba ya miguu, vyote hivyo ni mapambo, havishikilii uzito wa bembea hata kidogo. Vingeondolewa kwenye nakala ya kompyuta, kwa ajili ya hesabu tu, na tausi wa kusubiwa angebaki na fahari yake yote. Shida ilikuwa sharti la Abah Karta. Alipokubali kazi alimtaka Bu Haji amwahidi kwamba hakuna mkono wowote utakaogusa unyoya hata mmoja bila ridhaa yake. Bu Haji aliahidi kwa jina la hija yake.

Nenden akampigia mzee simu. Alizunguka mbuyu mpaka miguu ikamuuma. Alimsifu tausi, akamuuliza afya ya mkewe, akaulizia mvua ya Jelekong, mwishoni akatia kwa chini chini kwamba ingekuwa vyema, pengine, kwa muda tu, kupunguza mapambo mawili matatu. Abah Karta akamjibu kwa upole kuwa kumtoa tausi unyoya ni sawa na kumng'oa yeye jino, na katika umri wake hakuwa na meno ya kugawa. Akakata simu.

Basi Nenden akamnyonyoa ndege kwa siri. Alianza na nzi, kwa sababu kwa nzi dhamiri haikumsuta. Akafuta alama za dole gumba. Akahamia kwenye mbawa, akazilainisha zikawa kama mabega ya mtu. Alipoufikia mkia alisita, akajikuta akitazama mlangoni kama mwizi wa kuku, halafu akaukata wote na mahali pake akaweka uzito mtupu, donge lisilo na sura, ili hesabu ijue kuna kitu kinachovuta nyuma. Shingo tu ndiyo hakuigusa, wala mdomo unaong'ata pete. Hapo alisuka macho madogo madogo yaliyopangana, kisha akayaacha yakue polepole kuelekea kifuani, na tumboni yakawa mapana kama vigae vya bafuni.

Munding hakukoroma hata kidogo. Nenden aliondoka kwenda kumimina maji ya moto kwenye tambi zake, na aliporudi jibu lilikuwa linamngoja, tambi hazijalainika.

Jibu lilikuwa baya. Mwili wote ulikuwa kijani, miguu kijani, mdomo njano kidogo wa kuvumilika. Lakini kisogoni, pale shingo inapopinda, palikuwa na mstari mwekundu kama kovu. Abah Karta alikuwa amemchongea tausi mkufu wa manyoya mafupi, na kati ya unyoya na unyoya kulikuwa na mfuo mwembamba na wa kina, kama umekatwa kwa wembe. Chuma hakipendi mifuo ya namna hiyo. Nguvu zote za bembea zinakimbilia humo na kusongamana, kama watu wa ukumbi mzima wanaotokea mlango mmoja. Tausi angevumilia wageni wa msimu mmoja, labda miwili, halafu angekatika shingo mtu akiwa juu ya bonde.

Habari hiyo haikufichika. Ikapangwa mkutano. Bu Haji Iroh alishuka kutoka Lembang na kapu la stroberi, matunda ya kawaida kwa wenyeji wa kule, na Abah Karta akaja na shati lake la batiki la sherehe, kwa kuwa alidhani anakuja kusifiwa. Nenden alikuwa amejipanga. Ukutani angeonyesha picha ya shingo pekee, kwa karibu sana, mkufu na ule mstari mwekundu, na mtu asingejua kilichobaki nyuma yake. Mambo yalikwenda sawasawa mpaka Pak Tatang, aliyekuwa amekaa na kipanya, akaona ni vizuri wageni waone picha nzima. Akasogeza gurudumu.

Ukuta mzima ukajaa ndege uchi. Hana mkia, hana mbawa, ngozi tupu ya kijivu yenye mistari ya wavu, matako yameisha kwa donge, shingo ndefu imeinama kana kwamba anajionea aibu mwenyewe.

Bu Haji akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya hijabu, akaivaa tena.

"Huyu ni bata?" akauliza.

"Ndiyo, Bu," akasema Pak Tatang.

Abah Karta hakungoja zaidi. Alisimama, akachukua kofia yake, akamwinamia Bu Haji kwa heshima, akatoka. Jioni hiyo ikaja salamu kwamba tausi wa udongo haendi popote, na kwamba kama Bu Haji anataka bembea ya bata, sokoni mabata yamejaa.

Pak Tatang alimkabidhi Nenden kikapu cha peuyeum, muhogo uliochachushwa vizuri, akamwambia aende Jelekong akaombe radhi. Kwa nini yeye na si aliyezungusha gurudumu, hilo halikujadiliwa.

Nenden alibisha hodi, akakaribishwa na Ambu Enah, mke wa Abah Karta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza. Wakaketi mkekani watatu, chai katikati. Mzee alitazama ukuta. Nenden alimsalimu, naye akamgeukia mkewe.

"Mwulize injinia, kwao wageni huonyeshwa watu wakiwa uchi?"

"Anauliza kama kwenu..."

"Nimesikia, Ambu. Mwambie Abah nimekuja kuomba radhi."

"Amesema..."

"Mwambie radhi haioti manyoya."

Ikaendelea hivyo, maneno yakipita juu ya birika la chai kwenda na kurudi, na Ambu Enah akigeuza shingo kama anayetazama mpira wa vinyoya, mpaka akachoka. Akajiinua kwa kushika goti. "Semeni wenyewe," akasema. "Mafuta yangu yanaungua." Akaingia jikoni.

Wakabaki wawili na ukuta. Nenden alikuwa ameandaa hotuba kuhusu wavu, macho na mifuo, lakini akiutazama uso wa yule mzee ikamponyoka yote. Kwenye kona ya chumba palikuwa na mnyama aliyeanzwa, farasi au mbuzi, haikujulikana bado, nyaya tupu zilizopindwa na kufungwa kwa kamba. Akauliza kwa udadisi tu.

"Abah, ukianza ndege, unaanzia wapi? Kwenye manyoya?"

Mzee akasahau kuwa amenuna. "Nani anaanzia kwenye manyoya? Unaanza na waya. Waya ukikosea, hata umpambe vipi, ataonekana mgonjwa."

"Na huo waya unawaonyesha wateja?"

Abah Karta alitikisa kichwa. "Waya hauonyeshwi mtu. Hata huyu," akaelekeza kidevu jikoni, "simruhusu kuuona."

"Basi kosa langu ni hilo, Abah. Nilimvua nguo bila kukuambia, halafu akatolewa sebuleni mbele ya wageni."

Mzee akakuna shavu. Akachukua kipande cha peuyeum, akakila, akachukua cha pili. "Na akaitwa bata," akasema.

"Pak Tatang ndiye aliyekubali."

"Huyo ukimuuliza kama yeye mwenyewe ni bata, atakubali."

Jikoni Ambu Enah alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi, kwa kiasi fulani. Mzee aliridhia kwamba tausi wa hesabu ni waya tu, si tausi wake. Lakini kuhusu mkufu, hapana. Mkufu ule ndio uliokuwa sahihi yake, ndege wake wote walikuwa nao, na mstari mwekundu wa kompyuta haukuwa sababu ya kuufuta. Nenden akamwambia aje auone huo mstari kwa macho yake, akae kwenye kiti, wapunguze pamoja unyoya mmoja mmoja, na akisema basi, basi.

Akaja. Siku ya kwanza alikaa mbali na kioo, kofia mapajani, akakubali mfuo mmoja tu upunguzwe kina kidogo. Nenden akaupunguza, akasuka upya sehemu ile ya shingo, akabonyeza. Zamani, na manyoya yake yote, jambo hilo lingemla Munding siku nzima na umeme wa mtaa. Sasa jibu lilitoka kabla chai haijapoa. Wekundu ulipungua upana wa ukucha.

Mzee akasogeza kiti.

"Suka tena," akasema.

Wakasuka tena. Wakajaribu mfuo mpana na mfupi, wakajaribu wa mviringo, wakajaribu kuuhamishia mkufu chini kidogo, wakaurudisha. Abah Karta alikuwa mtu wa kupatana bei. Kila alipoachia kitu kisogoni alidai kitu shavuni. Kesho yake alikuja mapema kuliko wafanyakazi. Kesho kutwa yake alikuja na chakula chake. Ikafika mahali akaanza kuwa na maoni juu ya wavu wenyewe. Vipembetatu vya Nenden vya pale kooni, alisema, vimerundikana kama kuku wanaogombania mchele, havipendezi, vipangwe kwa safu. Nenden akamweleza kwamba pale kompyuta haijali sana. Akajibiwa kwamba kompyuta haina macho, na yeye anayo. Vikapangwa kwa safu. Jibu halikubadilika hata chembe, lakini mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba ameokoa maisha ya watu.

Engkos alianza kukificha kile kiti. Hakikusaidia kitu, mzee alikaa juu ya kasha la printa.

Mwishowe mifuo ilibaki mifupi, na mashina yake yamelainishwa kwa mviringo, na kisogo cha tausi kikawa kijani chenye umanjano wa mbali. Abah Karta alirudi Jelekong akayafanya yale yale kwenye udongo. Aliporidhika alimwita Bu Haji kumwonyesha jinsi mifuo laini inavyoutuliza mwanga shingoni. Wazo hilo, alimwambia, alikuwa nalo tangu zamani. Nenden alikuwapo, akanywa chai yake.

Chuma kikasubiwa Majalaya. Siku ya majaribio walikusanyika wote uani kwa kiwanda. Tausi alikuwa amefungwa juu ya nguzo, mweusi, mzito, mkia umetandazwa nyuma yake, na kwa kweli alikuwa mzuri. Kwenye pete yake waliyaning'iniza mapipa yaliyojaa maji, uzito wa kupita bembea na watu wake mara nyingi, wakayafunga kamba, wanaume wakayavuta huku na kule mpaka yakaanza kupaa. Shingo haikulia. Mafundi walipanda wakaipaka dawa ya kufichua ufa, wakaipangusa, wakatazama kwa tochi. Hapakuwa na ufa hata wa unene wa unywele.

Pak Tatang alikuwa ameshaanza kupeana mikono na watu. Ndipo unyoya wa pembeni kabisa wa mkia, mrefu kama mkono na mzito kama tofali, ulipokatika shinani ukaanguka, ukagonga pipa tupu lililokuwa hatua moja kutoka kwenye viatu vyake.

Mlio ulichukua muda kuisha.

Nenden aliutazama unyoya ule chini. Alielewa papo hapo. Mkia haubebi bembea, hilo lilikuwa kweli na alilisema kwa kila mtu. Lakini mkia ulijibeba wenyewe, ukitikiswa siku nzima, na chini yake ndipo watu wangepanga foleni na watoto wao. Yeye aliunyonyoa kwenye hesabu, na alipomaliza akaunyonyoa na akilini.

"Neng," Bu Haji akamwita, sauti imeshuka. "Na hilo lilikuwa kwenye hesabu?"

Pak Tatang alikuwa ameshafungua mdomo, na kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama mafundi wa kiwanda ilikuwa wazi anataka kumtupia nani lawama.

"Halikuwemo, Bu," akasema Nenden. "Nililitoa mimi. Nilipaswa kulirudisha, nikasahau."

Alimngoja Abah Karta aseme. Ilikuwa zamu yake ya kumlaumu, na mtu yeyote angemwelewa. Mzee aliuokota unyoya, akaugeuza, akapitisha kidole pale ulipovunjika.

"Shina nililifanya jembamba mno," akasema. "Nilitaka lionekane kama linaelea."

"Basi kosa ni nusu kwa nusu," Pak Tatang akadakia kwa furaha.

"Na wewe nusu yako iko wapi?" Bu Haji akamuuliza.

"Ndiyo, Bu," akasema Pak Tatang.

Nenden hakuendelea kubishana nao. Alirudi Ujungberung, akayarudisha manyoya, ila safari hii hakumvisha ndege mzima. Aliuchukua kila unyoya peke yake, akausukia wavu wake mdogo, macho madogo kwenye shina na makubwa kwenye jani, akautikisa ndani ya kompyuta kama upepo wa Lembang unavyoutikisa. Yaliyofanana aliyahesabu kwa kundi, akachagua ulio mrefu kuliko yote uyasemee mengine. Munding aliyameza kama njugu. Abah Karta alikuja tena, akakalia tena kasha la printa, wakanenepesha mashina moja moja wakigombana. Nzi tu ndiye hakurudishwa, ingawa mzee, aliposikia habari zake, alisikitika. Alisema angejua angemtengenezea mbawa nzuri zaidi. Mkia ukasubiwa upya, ukatikiswa uani siku kutwa, na hakuna kilichoanguka isipokuwa kofia ya fundi mmoja.

Bembea ilifunguliwa baada ya Lebaran, Idi ya kumaliza mfungo. Lembang nzima ilikuwapo, na majirani wa Bu Haji walisimama nyuma wakijitia hawaoni. Bu Haji alishika kipaza sauti, akamshukuru Mungu, akamshukuru msanii, halafu akatangaza kwamba wa kwanza kupanda atakuwa injinia mwenyewe, ili watu waone anavyoiamini kazi yake.

Watu wakapiga makofi. Nenden alitabasamu kwa midomo iliyokauka. Hesabu zake aliziamini. Angeweza kuzitaja usingizini. Kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake, ni kwamba aliogopa mahali pa juu, hata kusimama juu ya kiti kubadilisha taa hakuthubutu.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Alikalishwa, akafungwa mikanda, akakagua vifungo, akavikagua tena, akaomba avikague Engkos. Abah Karta, ambaye hakuna aliyemwomba, alisimama nyuma yake kusukuma. Ardhi ikaondoka. Bonde likafunguka chini ya viatu vyake na mashamba yake ya kabichi na ukungu wake, tumbo likabaki nyuma, likamkuta njiani wakati wa kurudi. Alifumba macho. Alipofumbua jicho moja aliiona shingo ya tausi juu yake dhidi ya mawingu, imetulia kabisa, na utulivu wake haukumsaidia lolote.

"Punguza, Abah," akasema kwa sauti iliyotoka kidogo tu. "Punguza."

Masikio ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka, na upepo ulikuwa mwingi. Alisikia "ongeza". Akatemea mate viganjani, akakita miguu chini, akasukuma kwa nguvu zake zote.